Maswali ya Wasomaji: Ini, Vimeng'enya Vyake na Mabaki ya Bakteria

Katika toleo lililopita nilieleza kwa kifupi kazi ninayoifanya maabara, yaani kuchunguza jinsi vimeng'enya vya ini vinavyoyavunja mabaki ya bakteria, na jinsi seli za kinga zinavyoyaitikia mabaki hayo kabla na baada ya kuvunjwa. Barua zilizomfikia mhariri zimekuwa nyingi kuliko nafasi ya kurasa hizi, kwa hiyo nimechagua zile zinazogusa kiini cha jambo, na pale ambapo wasomaji kadhaa wameuliza suala moja nimejibu barua moja kwa niaba ya nyingine. Majina yameachwa kwa kuwa baadhi ya waandishi wameeleza habari za afya zao.

Ndugu mtaalamu, nililazwa kwa sababu ya nimonia iliyoletwa na bakteria, na majibu ya damu yakaonyesha kuwa vimeng'enya vya ini vimepanda. Mimi nilifurahi, nikidhani kwamba ini langu linazidisha vimeng'enya ili kupambana na ugonjwa, lakini daktari hakuonekana kufurahi hata kidogo. Ni nani kati yetu aliyekuwa sahihi?

Ni daktari, ndugu yangu, ingawa wazo lako si la kudharauliwa, kwa sababu ini kweli hupambana na maambukizi. Tatizo ni kwamba umelitafuta pambano hilo kwenye mstari usio wake wa karatasi ya majibu. Vimeng'enya ambavyo hospitali huvipima kwa majina ya ALT na AST havitolewi na ini kwa kusudi lolote la kujihami. Kazi yake ni ya ndani ya seli, nayo ni kuhamisha kikundi cha amino kutoka kwenye asidi amino moja hadi kwenye molekuli nyingine, na vikishaingia kwenye damu havina kazi yoyote vinayoifanya huko. Vinafika huko kwa kuvuja, pale utando wa seli unapojeruhiwa. Kwa hiyo kiwango chake ni dalili ya madhara yaliyokwisha kutokea, wala si kipimo cha juhudi za ini.

Mwaka 1955 Fernando De Ritis na wenzake mjini Naples, Italia, walionyesha kuwa vimeng'enya vya aina hii hupanda katika homa ya ini, wakati ambapo watafiti wa New York walikuwa tayari wameona AST ikipanda baada ya mshtuko wa moyo. Jambo hilo la pili ni muhimu kwako, kwa sababu AST imo pia katika moyo na misuli, na mgonjwa wa maambukizi makali huweza kuwa na AST iliyopanda bila ini kuwa ndilo lililoumia zaidi.

Huenda utapenda kujua kwamba mashine ya maabara haiioni ALT yenyewe. Katika seramu ya mgonjwa huongezwa alanini na oksoglutarati, ambavyo ALT huvigeuza kuwa piruvati na glutamati. Kimeng'enya cha pili kilichotiwa makusudi huigeuza piruvati kuwa laktati, na katika kufanya hivyo hutumia molekuli iitwayo NADH, ambayo hufyonza mwanga wa urujuanimno wenye urefu wa wimbi wa nanomita 340. Kinachosomwa ni kasi ya kupungua kwa ufyonzaji huo dakika baada ya dakika, katika joto la nyuzi 37. Mstari unaoshuka kwa kasi ndio unaoandikwa kwenye karatasi yako kama namba iliyopanda.

Namba hizo hazishuki kwa mwendo mmoja. Nusu ya AST huondoka kwenye damu kwa muda wa saa 17 hivi, ilhali ALT huhitaji takribani saa 47, na ndiyo maana mgonjwa anayepata nafuu huona AST ikitangulia kurudi chini. Kimeng'enya cha tatu, fosfatasi ya alkali, yaani ALP, kina tabia tofauti, kwa sababu hicho hutengenezwa kwa wingi zaidi pale nyongo inapokwama au kupungua mwendo. Sitokini, yaani protini za ishara ambazo seli za kinga huzitoa wakati wa maambukizi makali, hudhoofisha pampu zinazoisukuma nyongo, hata kama bakteria wenyewe wako mapafuni, na hilo huweza kumfanya mgonjwa wa nimonia awe na macho ya manjano. Ikumbuke ALP, kwani itarejea katika jibu langu la tatu.

Kama unataka ushahidi kwamba ini lako lilikuwa likipambana, utazame mstari wa CRP. Hiyo ni protini, si kimeng'enya, iliyogunduliwa mwaka 1930 na William Tillett na Thomas Francis katika damu ya wagonjwa wa nimonia kama wewe. Ini huanza kuimwaga ndani ya saa 6 hivi baada ya kupokea ishara kutoka kwa seli za kinga, kilele chake hufikiwa karibu na saa 48, na kiasi chake huweza kuongezeka mara 1,000.

Bakteria wa mapafu au wa kidonda mguuni wanahusiana vipi na ini, ambalo liko mbali nao? Je, kwa nini ini na si moyo au figo?

Kwa sababu ya damu. Ini la mtu mzima aliyepumzika hupitiwa na takribani lita moja na nusu ya damu kila dakika, ambayo ni karibu robo ya damu yote inayosukumwa na moyo. Robo tatu hivi ya damu hiyo haitoki kwenye ateri bali huja kwa vena kubwa inayokusanya damu kutoka kwenye utumbo, bandama na kongosho, ikiwa imebeba chakula kilichosagwa pamoja na vipande vya bakteria wa tumboni vilivyopenya ukuta wa utumbo. Hata mtu mwenye afya njema hupokea vipande hivyo kila siku bila kujua. Bakteria wa mguuni wakishaingia katika mzunguko wa damu watapita hapo pia, mara nyingi, mradi tu wawemo ndani ya damu.

Ndani ya ini damu hupita katika vijia vyembamba ambamo mwendo wake hupungua sana, na kuta za vijia hivyo zina matundu madogo yanayoruhusu majimaji kugusana na seli za ini zenyewe. Katikati ya njia hiyo, si nyuma ya ukuta bali ndani ya mkondo, zimejishikiza seli za Kupffer, ambazo ni makrofaji, yaani seli za kinga zinazomeza vijidudu na mabaki, wakazi wa ini. Karl Wilhelm von Kupffer aliziona mwaka 1876 alipokuwa akitia rangi vipande vya ini kwa kloridi ya dhahabu, akaziita seli za nyota kwa sababu ya mikono yake iliyotandazwa, lakini hakuielewa kazi yake. Baadaye alizihesabu kuwa sehemu ya ukuta wa mishipa. Tadeusz Browicz, mtaalamu wa patholojia wa Kraków, ndiye aliyezitambua kwa usahihi kuwa ni seli zinazomeza vitu, mwishoni mwa karne ya 19, na wapo wanaodai hadi leo kwamba jina lake lilistahili kuambatana nazo. Nami nakubaliana nao.

Makrofaji wakazi wa mwili mzima wakihesabiwa, asilimia 80 hadi 90 wako ini. Bakteria anayepita huwa amekwisha kupakwa kipande cha protini ya komplimenti, kundi la protini za damu zinazowatia bakteria alama, ambayo nayo kwa sehemu kubwa hutengenezwa na seli za ini jirani, na seli ya Kupffer ina kipokezi maalumu kinachokishika kipande hicho hata damu ikiwa inatiririka. Kipokezi hicho, kiitwacho CRIg, kilielezwa mwaka 2006, na panya waliokosa kipokezi hicho walishindwa kusafisha bakteria kutoka kwenye damu yao kwa haraka inayotakiwa. Kwa hiyo seli moja hutengeneza alama, jirani yake huisoma alama hiyo na kumeza, na yote hayo hutokea katika nafasi ndogo kuliko unene wa unywele.

Mwanangu wa miaka 6 aliugua maambukizi ya damu. Baada ya sindano za antibiotiki nilielezwa kuwa kipimo hakioneshi tena bakteria hai, lakini homa iliendelea kwa siku mbili zaidi. Bakteria aliyekufa anawezaje kumletea mtoto homa?

Mama, pole kwa uliyopitia. Sitasema lolote kuhusu mtoto wako hasa, kwa sababu homa inayoendelea ina sababu nyingi na aliyemwona ni daktari wake. Swali lenyewe, hata hivyo, ndilo swali ambalo maabara yetu inaishi kwalo.

Mwaka 1892 Richard Pfeiffer, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya Robert Koch mjini Berlin, aliwaua kwa joto bakteria wa kipindupindu na kisha kuwadunga wanyama wa maabara. Wanyama walikufa. Alihitimisha kwamba mwili wa bakteria wenyewe una sumu isiyoharibiwa na joto, akaiita endotoksini. Leo tunaijua kuwa ni lipopolisakaridi, molekuli kubwa yenye upande wa sukari na upande wa mafuta inayofunika ngozi ya nje ya bakteria wa kundi la Gram-hasi, wakiwemo Escherichia coli na Salmonella. Bakteria mmoja hubeba molekuli hizi takribani milioni moja, na anapopasuka kwa sababu ya antibiotiki, nyingi kati yake huachiliwa kwa mkupuo.

Sumu yake imo katika upande wa mafuta, uitwao lipidi A. Katika E. coli sehemu hiyo ina sukari mbili zilizoungana, fosfati mbili, moja kila ncha, na minyororo sita ya asidi za mafuta: minne imeshikamana na sukari moja kwa moja, na miwili imepanda juu ya mingine. Naomba uvumilie hesabu hii, kwa sababu kila kitu kinategemea minyororo hiyo sita na fosfati hizo mbili. Makrofaji ina kipokezi kiitwacho TLR4, ambacho kazi yake ya kuitambua endotoksini ilibainishwa mwaka 1998 na kundi la Bruce Beutler, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2011. Mshirika wa kipokezi hicho ana mfuko ambao humeza minyororo mitano. Wa sita hubaki nje, na huo wa sita ndio unaokiunganisha kipokezi cha kwanza na cha pili. Vikiungana viwili, seli hutoa sitokini za TNF, IL-1 na IL-6, ishara hufika kwenye ubongo, na mwili hupandisha joto. Kipokezi hakiulizi kama bakteria aliyeibeba lipidi A yu hai au amekufa.

Ugumu wa molekuli hii tunakutana nao maabara kila siku. Chupa ya kioo iliyochemshwa kwa mvuke wa shinikizo kwenye nyuzi 121 haina bakteria hata mmoja aliye hai, na mtu asiyejua angeiamini. Ukiweka humo seli nyeupe za damu pamoja na majimaji safi, bila kuongeza kitu kingine chochote, baada ya saa chache unaweza kukuta TNF imejaa, na jaribio zima limeharibika, kwa sababu mvuke uliua bakteria ukaiacha endotoksini yao kwenye kioo. Kuiondoa kunahitaji joto kavu la nyuzi 250 kwa nusu saa au zaidi. Kisha tunahakikisha kwa kutumia dondoo ya seli za damu ya Limulus, mnyama wa baharini mwenye gamba kama kofia na damu ya buluu, ambayo huganda ikigusana na endotoksini hata kwa kiasi kidogo mno. Kipimo hicho kilianzia kwa Frederik Bang na Jack Levin katika miaka ya 1960.

Mwili wa mtoto hauwezi kufikia nyuzi 250. Unachofanya ni kuivunja molekuli hiyo kwa vimeng'enya, katika joto la kawaida la mwili, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika ini. Kimeng'enya kinachotuhusu zaidi huitwa hidrolasi ya asiloksiasili, kwa kifupi AOAH, kilichoelezwa na Catherine Hall na Robert Munford mwaka 1983 na ambacho seli za Kupffer hukitengeneza. Kimeng'enya hicho huikata ile minyororo miwili iliyopanda juu ya mingine. Inabaki minne. Molekuli ya minyororo minne bado inaweza kuingia kwenye ule mfuko, lakini haina wa kubaki nje, kwa hiyo vipokezi haviungani, na kwa kukalia nafasi hiyo huizuia hata molekuli nzima isiingie.

Panya waliozaliwa bila AOAH wanatuonyesha kinachotokea kazi hii isipofanyika. Wakipewa endotoksini kidogo, maini yao huvimba na kubaki yamevimba kwa wiki kadhaa, wakati panya wa kawaida hurejea katika hali yao baada ya siku chache. Jambo lililonishangaza zaidi nilipolisoma mara ya kwanza ni kwamba makrofaji zao hazibaki na hasira muda wote huo. Badala yake hunyamaza na kukataa kuitikia, kiasi kwamba bakteria wapya wakiingia wiki kadhaa baadaye hawakuti upinzani wa maana. Mabaki yasiyovunjwa huichosha kinga. Ndiyo maana ninasema, na baadhi ya wenzangu hunipinga, kwamba kuua bakteria ni nusu tu ya kazi, na kwamba tumeitafiti nusu hiyo kwa miaka mingi huku ile nyingine ikiachiwa watu wachache.

Sasa ile ALP niliyokuomba uikumbuke. Mwaka 1997 kundi la Klaas Poelstra huko Groningen, Uholanzi, lilionyesha kwamba kimeng'enya hicho, ambacho kwa miongo mingi kilisomwa kama dalili tu ya nyongo iliyokwama au mfupa unaokua, huweza kuondoa fosfati kutoka kwenye lipidi A. Lipidi A yenye fosfati moja ina ukali mdogo sana, ingawa bado inaiamsha kinga kwa kiasi cha kufaa. Watengenezaji wa chanjo wameitumia tabia hiyohiyo: molekuli ya aina hii imo katika kiamsha-kinga cha chanjo ya malaria ya RTS,S.

Kama vimeng'enya hivi vinaondoa sumu, kwa nini hospitali haziwapi wagonjwa wa sepsisi?

Wamejaribu. ALP iliyotengenezwa maabara ilipewa wagonjwa wa sepsisi, yaani mwitikio wa mwili kwa maambukizi unaoharibu viungo vyake wenyewe, ambao figo zao zilikuwa zimeanza kushindwa, katika jaribio la wagonjwa 301 lililochapishwa mwaka 2018, na utendaji wa figo katika siku za kwanza haukuboreka kuliko kwa wale waliopewa dawa bandia. Jaribio kubwa zaidi lililofuata lilisimamishwa kwa sababu halikuonyesha dalili ya kupunguza vifo ndani ya siku 28. Kabla ya hapo, dawa ya eritorani, ambayo ni lipidi A bandia iliyoundwa ili kuuziba ule mfuko wa kipokezi, ilipewa nafasi katika jaribio la wagonjwa karibu 2,000, na matokeo ya mwaka 2013 hayakuonyesha kuwa iliokoa maisha.

Maoni yangu ni kwamba kosa kubwa lilikuwa la wakati. Mgonjwa anapotambuliwa kuwa na sepsisi, kipokezi kimeshatoa ishara yake saa nyingi zilizopita, na kuondoa endotoksini wakati huo ni kuzuia amri ambayo tayari imetekelezwa. Pia si kila sepsisi inaletwa na bakteria wenye endotoksini. Staphylococcus aureus, kwa mfano, hana lipidi A kabisa. Lipo pia tatizo la panya. Mtu mwenye afya akidungwa nanogramu 2 hadi 4 za endotoksini kwa kila kilo ya uzito wake hupata homa, kutetemeka na maumivu ya kichwa, ilhali panya hustahimili kiasi kilicho kikubwa kuliko hicho maelfu ya mara. Dawa iliyomwokoa panya imepimwa katika mwili usiofanana na wetu katika jambo lilelile tunalolitibu.

Mimi ni mwanafunzi wa biokemia. Nimefundishwa kwamba arginasi ni kimeng'enya cha ini cha kutengeneza urea, kisha nikaikuta katika mada ya makrofaji na bakteria. Je, ni kimeng'enya kimoja au ni viwili vyenye jina moja?

Ni kimoja, arginasi 1, na swali lako ni zuri. Hans Krebs na Kurt Henseleit waliuchora mzunguko wa urea mwaka 1932, na hatua yake ya mwisho ni arginasi kuikata arginini kuwa urea na ornithini. Ndani ya makrofaji arginini hiyohiyo hugombewa na kimeng'enya kingine, sinthasi ya naitriki oksidi, ambacho huigeuza kuwa naitriki oksidi, gesi inayoua bakteria waliomezwa. Angalia hesabu yake: sinthasi huishika arginini hata ikiwa chache sana, wakati arginasi huhitaji arginini nyingi ili ifanye kazi vizuri, lakini kasi ya juu ya arginasi ni zaidi ya mara 1,000 ya mwenzake, na hivyo ugomvi unakuwa wa kweli. Zaidi ya hayo, zao la katikati la sinthasi huizuia arginasi.

Bakteria nao wanaujua mlango huu. Helicobacter pylori, anayekaa tumboni na kuleta vidonda, ana arginasi yake mwenyewe, na kwa kuitumia arginini iliyo karibu naye huinyima makrofaji malighafi ya kutengenezea gesi hiyo. Utakaposoma zaidi uwe mwangalifu na jambo moja: sehemu kubwa ya habari hizi ilipatikana kwa panya, na makrofaji za binadamu zikipandwa maabara hutoa naitriki oksidi kidogo sana. Kwa binadamu arginasi 1 imehifadhiwa hasa katika nyutrofili, aina ya seli nyeupe za damu, na inapomwagwa nje humaliza arginini ya jirani kiasi kwamba seli T, ambazo nazo ni seli za kinga, hushindwa kuongezeka.

Baba yangu ana sirosisi na kila mara anapata maambukizi. Je, ni kwa sababu ya dawa anazokunywa?

Dawa huweza kuchangia, na hilo mwulizeni daktari wake, lakini ugonjwa wenyewe unatosha kuleta hali hiyo. Ini lililojaa makovu huizuia damu ya utumbo kupita, nayo hujitafutia njia za kando zinazoukwepa mlango wa seli za Kupffer na kuingia moja kwa moja katika mzunguko mkuu pamoja na bakteria na endotoksini yake. Wakati huohuo seli za ini zilizobaki hutengeneza komplimenti kidogo, kwa hiyo bakteria hawapakwi alama inavyotakiwa. Majimaji yanayojaa tumboni nayo huwa maskini wa protini hizo, na bakteria wa utumbo wakifika humo huzaliana. Ndiyo maana homa, maumivu ya tumbo au kuchanganyikiwa kwa ghafla kwa mgonjwa wa namna hii ni jambo la kumfikisha hospitali siku hiyohiyo.

Ni kirutubisho gani kinachoongeza vimeng'enya hivi au kusafisha ini?

Hakuna ninachoweza kukipendekeza. Baadhi ya virutubisho vya mitishamba vinavyouzwa kwa ahadi hiyo vimejeruhi maini ya watu, na jeraha hilo ndilo huipandisha ALT.

Nimesikia kwamba maambukizi hubadilisha jinsi dawa zinavyofanya kazi mwilini. Kuna ukweli wowote?

Upo, na haujulikani na wagonjwa kama inavyostahili. IL-6 inapoiamrisha seli ya ini kutengeneza CRP na protini nyingine za dharura, huiamuru pia ipunguze kutengeneza vimeng'enya vya familia ya P450, ambavyo ndivyo vinavyovunja dawa nyingi tunazokunywa. Jeni zake hunyamazishwa kwa siku kadhaa. Mgonjwa anayekunywa dozi ileile aliyoizoea anaweza basi kujikuta na dawa nyingi zaidi kwenye damu kuliko wiki iliyotangulia, bila kuongeza kidonge hata kimoja. Mfano unaofahamika vizuri ni klozapini, dawa ya skizofrenia, ambayo kiwango chake kwenye damu kimepanda hadi kuleta sumu kwa wagonjwa waliopata nimonia au maambukizi mengine makali. Msomaji anayetumia dawa hiyo, au dawa nyingine yoyote ambayo kiwango chake hupimwa kwenye damu, amweleze daktari mara tu apatapo homa kali, wala asijipunguzie dozi mwenyewe. Maambukizi yakitulia vimeng'enya hivyo hurudi, na dozi iliyopunguzwa wakati wa homa huwa ndogo mno, kwa hiyo kiwango kipimwe tena.